Laptopu ya Ujerumani iliniandikia "Yanyibar": uzi kwa mlio nje mnaotaka kununua kompyuta

Mtu_wa_Gando

Assalamu alaykum jamani. Nimeahidi siku nyingi kuandika uzi huu. Leo Jumapili, Leipzig yote imefunga maduka na mvua haikatiki, basi nimetia chai kwenye thamosi nikaona bora nikae niandike.

Kisa changu kinaanza mwezi wa pili tangu nifike. Chuoni kazi zote zinapelekwa kwa kompyuta, na mie nilikuja na simu tu, tena kioo kimepasuka. Jirani zangu Wasudani wakaniambia kununua mpya ni wazimu. Huku makampuni hubadilisha laptopu za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu minne. Zile za zamani huchukuliwa na maduka yanayojua kazi hiyo, husafishwa, hutiwa diski nyengine, kisha huuzwa kwa bei ya kuonea huruma. Nikaagiza ThinkPad T480 kwa euro 240. Ikaja kwenye boksi la kahawia, safi, kona moja tu imeparuzika. Nikaiwasha, nikaipenda, nikakaa nimwandikie mama.

Mie kuchapa nimejifunza Chake Chake kwa vidole kumi, na mwalimu alikuwa akitufunika mikono kwa kipande cha kanga tusitazame batani. Kwa hivyo sikutazama. Niliandika aya nzima macho yako dirishani. Kurudi kwenye skrini nikakuta nimetoka "Yanyibar" na nimefika salama.

Kibodi ya Kijerumani imezibadilisha mahala Z na Y. Kwao Z iko kila pahala na Y haionekani ila kwa nadra, kwa hivyo wameiweka Z karibu na kidole. Sisi zote mbili tunazitaka kila mstari. "Mzee" ikitoka "myee" unaiona, unacheka, unasahihisha. Balaa ni yale maneno yanayogeuka na kubaki Kiswahili kile kile: yangu inakuwa zangu, zetu inakuwa yetu, yote inakuwa zote. "Yeye" inakuwa "zeze", na zeze mwenyewe ni neno. Hakuna programu ya tahajia itakayokushitua hapo. Mama alipokea "safari zangu imekwenda salama", akampigia simu dada kumuuliza huyu mtoto lugha imeshaanza kumtoka, mwezi wa pili tu?

Na nilikuwa na siku 14. Sheria ya Ulaya ni kwamba ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, una siku 14 tangu mzigo ukufikie kuurudisha bila ya kutoa sababu. Ukiingia dukani kwa miguu yako haki hiyo huna, akikubali kupokea ni hisani yake. Muuzaji wangu alikuwa nazo zenye kibodi ya Kiingereza, bei ile ile, ila mie nilipoagiza sikusoma ule mstari. Nikasema ntazoea. Siku 14 zikapita nikiandika "Yuberi" kwa Zuberi.

Dawa niliyoipata baadaye ni hii. Kwenye mipangilio ya lugha ongeza kibodi ya Kiingereza cha Uingereza, uifute ya Kijerumani. Chagua ya Uingereza hata kama mikono yako imezoea ya Marekani, kwa sababu kibodi ya Kijerumani ina batani moja zaidi pembeni mwa shifti ya kushoto, na ya Uingereza inayo hiyo hiyo, kwa hivyo umbo linalingana. Kisha nunua vibandiko vya herufi, euro nne tano, ubandike juu ya zile zisizolingana. Ukiziacha kibodi zote mbili, siku moja utabonyeza batani ya Windows na nafasi kwa bahati mbaya, irudi Kijerumani, na paswedi yako ikatae mara tatu hujui kwa nini. Mie yangu ina Z ndani. Sisemi zaidi.

Hayo ni ya mwanzo. Yaliyonitia adabu yalikuja mwaka jana, nilipopata kazi ya jioni nikanunua nyengine, na hii ya kwanza nikampelekea mdogo wangu wa kike, mwalimu wa skuli hapo Wete. Ndipo nikatambua kwamba tangu mwanzo nilinunua kompyuta ya Leipzig, na maisha yake mengi itayamaliza Pemba. Hebu kila mmoja wetu afikirie laptopu yake ya kwanza ya ughaibuni iko wapi sasa. Iko kwa mdogo wake, au kwa mtoto wa shangazi, au madrasa. Zote zinarudi nyumbani. Basi siku ya kuinunua, iulizie huko itakakokwenda.

Nikianza na prosesa, ule ubongo wa mashine. Windows 10 huduma yake ya kawaida ilikwisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8. T470 na T480 ukiziweka pamoja mezani ni pacha, ila T470 ina kizazi cha 6 au cha 7, na T480 nyingi zina cha 8. Sasa hivi zile za nyuma zinamwagwa sokoni kwa bei ya samaki wa jioni, na wengi wanazinunua wapeleke nyumbani wakidhani wameokota. Kama hujui kuweka Linux, ule mfumo wa bure wa badala ya Windows, ziache.

T480 nyengine niliyoipendea ni betri. Ina mbili, moja ndani, moja nyuma unaichomoa kwa vidole bila ya kuizima mashine. Pemba hiyo ni neema. Na ukimpa msafiri abebe, betri ya akiba haiingii kwenye begi la kupakiwa chini, inakwenda mkononi pamoja na abiria. Mashirika ya ndege yanaruhusu hadi wati-saa 100 kwa betri moja, na ile kubwa ya nyuma ni 72.

Umeme wenyewe haugombi, Ujerumani na kwetu sote ni volti 230. Tabu ni plagi. Ya huku ni pini mbili nene za mviringo, soketi zetu ni pini tatu bapa. Nilimwambia mdogo wangu anunue adapta, akanunua ile ya kila nchi, legelege, ikawa inatoa cheche kila mtoto akipita mbio. Kumbe sikuwa na haja hata moja. Tazama kile kisanduku cheusi katikati ya waya wa chaja. Waya unaotoka ukutani unachomoka pale, na tundu zake tatu zimekaa kama mafiga. Nunua kipande hicho tu cha pini tatu, kisanduku kibaki kile kile. Wenye laptopu za bati ndio khasa wasitumie adapta za ovyo: waya wa adhi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kwa plagi ya Kijerumani uko ubavuni, adapta nyingi haziufikii, na ukiweka kiganja juu ya mashine inachaji unasikia kama inakutekenya.

Kisa cha kufunga hii post. Kabla ya kuipeleka niliipiga Windows upya, nikaingia kwa akaunti yangu, nikaweka kila kitu, nikajiona fundi. Mwezi wa pili mdogo wangu ananipigia saa nne ya usiku, skrini imekuwa ya buluu, maandishi ya Kijerumani matupu, inataka ufunguo. Mtoto wa jirani alikuwa ameingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya chini kabisa ya mashine, "kuifanya iwe nyepesi". Windows 11 ukiingia na akaunti ya Microsoft huweza kuifunga diski kimya kimya, na ikihisi chini kumeguswa inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo unakaa kwenye akaunti iliyotumika kuisimamisha, yaani yangu. Tukakaa, mie nasoma, yeye anaandika, mafungu 8 ya tarakimu 6, sauti inakatika, "saba au sita?", "sita ya mwisho au ya kwanza?", mama nyuma anauliza hao wanahesabu nini usiku huu. Mara ya tatu ikafunguka.

Kosa ni langu mwenyewe. Ningeisimamisha kwa akaunti yake tangu mwanzo, kwa Kiingereza, na ufunguo ningempa kwenye karatasi autie ndani ya kabati la nguo pamoja na vyeti.

Bint_Mkanyageni

Wa alaykum salaam. Kaka umenichekesha na zeze lako, nimemsomea mume wangu.

Sisi wa Muscat tabu hizo hatuzijui. Plagi za Oman ni pini tatu kama za nyumbani. Kibodi ni ile ile ya Kiingereza, na pembeni mwa kila herufi kuna ya Kiarabu. Niliyompelekea mjomba Mkanyageni anaitumia madrasa, anawaandikia wanafunzi maswali kwa Kiarabu na barua za wazazi kwa Kiswahili, mashine moja. Dubai nako hivyo hivyo.

Bei lakini siwezi kushindana na hizo euro 240.

Hasidi_Hana_Sababu

Nyinyi mnalalamikia Z na Y! Mie niko Lyon. Kibodi ya Kifaransa nikiandika bila ya kutazama, Zanzibar inakuwa "Wqnwibqr". Na "mama", mama mzazi aliyenizaa, inatoka ",q,q". Hata namba hazitoki mpaka ushike shifti. Angalau weye mama yako alielewa kitu.

Mtu_wa_Gando

@Hasidi nimesalimu amri. ",q,q" kwa kweli ni msiba.

fundi_Mlandege

Uzi mzuri. Niongeze ya upande wangu, maana mnaponunua huko vibaya zinakuja kuishia mezani kwangu.

Kwanza hizo nyaya za mafiga. Ziko tele mjini, ila tazameni ndani ya plagi kuna fyuzi. Nyingi za bei rahisi zimetiwa fyuzi ya ampea 13 na waya wenyewe mwembamba kama wa redio. Kwa laptopu ampea 3 inatosha. Fyuzi ni ya kukatika kabla ya waya kuungua, ukitia kubwa umeifuta kazi yake.

Pili, wa Marekani na Kanada. Laptopu zao hazina tatizo, chaja imeandikwa 100 hadi 240. Wasiwasi ni kompyuta za mezani, khasa za zamani kidogo. Nyuma karibu na pahala pa waya pana swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230. Mtu kaleta ya kwake kwa kontena na vyombo vya nyumba, kaifungua Michenzani, watoto wote wamekusanyika, kachomeka. Ilipiga kama fataki ya Idi na moshi ukatoka. Swichi ilikuwa kwenye 115. Bahati yake ulikufa ule mkebe wa umeme peke yake, nikamtilia mwengine, diski na picha zake zikasalimika. Kabla ya kuchomeka, geuza nyuma utazame.

Tatu, kama ni ya kukaa nyumbani kwetu mie nasema laptopu, hata kama ya mezani ina nguvu zaidi. Laptopu umeme ukikatika inaendelea na betri. Ya mezani inakufa hapo hapo, na umeme unaporudi unaingia kwa pigo. Ukitaka lazima ya mezani, nunua na UPS, kile kisanduku cha betri cha kuishikilia umeme ukikatika, usimwambie mtu atanunua baadaye. Waliokuwepo Unguja Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya giza, hawana haja ya kuelezwa.

Na chumvi. Mashine iliyokaa miaka miwili Nungwi karibu na maji naijua nikiifungua tu, miguu ya vipande imeota ukungu wa kijani. Ikikaa bila ya kutumiwa ndiyo inaharibika zaidi. Iwasheni, ipate joto.

Pwani_Mchangani

Fundi nina swali, na nyinyi wa Ujerumani pia. Nasikia ukinunua huko unarudishiwa kodi uwanja wa ndege, asilimia 19. Shemeji yangu yuko Hamburg, nimwambie aninunulie nikamlipe bei bila ya kodi?

Mtu_wa_Gando

Usimtie shemeji yako mashakani. Marejesho hayo ni ya mtu ambaye makazi yake yako nje ya Umoja wa Ulaya. Sisi wenye vibali vya kukaa hapa hatuhesabiwi. Mama yako akija kutembea akanunua mwenyewe, ununuzi ukazidi euro 50, duka likamjazia fomu na akaitoa bidhaa ndani ya miezi mitatu, basi forodha ya uwanja wa ndege inamgongea muhuri, na anaidai. Afike kwa forodha kabla hajakabidhi begi, maana watataka kuiona.

Na hizi za mkono wa pili nyingi kodi yake haionyeshwi kwenye risiti, inahesabiwa kwenye faida ya muuzaji tu. Hapo hakuna cha kurejeshewa.

Mwanafunzi_wa_Wuhan

Jamani msitusahau wa China. Kibodi zao ni za Kimarekani, hapo raha. Plagi utabadilisha. Lakini Windows inayokuja ndani ya laptopu za soko la ndani mara nyingi ni toleo lililofungwa lugha. Unaingia kwenye mipangilio kuongeza Kiingereza, inakwambia leseni yako ni ya lugha moja. Mwaka mzima nilitumia kompyuta kwa kukumbuka mahala, kama mtu anavyotembea chumbani mwake gizani: batani ya tatu kutoka chini ni kuzima. Siku waliyohamisha menyu nilikaa kitako.

Kabla ya kulipa mwambie muuzaji aiwashe, ifungue mipangilio ya lugha mbele yako. Isipokubali, dai toleo jengine au hesabu bei ya leseni mpya.

Bint_Mkanyageni

Na guarantii? Hapa dukani wanatupa mwaka mmoja lakini ukiipeleka Pemba ndiyo basi.

Mtu_wa_Gando

Huku kitu kipya muuzaji anabeba dhamana ya kisheria miaka miwili, wenyewe wanaiita Gewährleistung. Kwa kitu kilichotumika anaruhusiwa kuipunguza hadi mwaka mmoja. Lakini ni dhamana ya muuzaji, na muuzaji yuko huku. Kutoka Wete kumrudishia laptopu, nauli ya posta itakula nusu ya thamani yake.

Mie siku hizi nafanya hivi: hata kama nimeinunua kwa ajili ya mtu wa nyumbani, naitumia mwenyewe huku miezi kadhaa kabla ya kuipeleka. Kama ina ugonjwa, uonekane dhamana ikiwa hai na duka liko vituo viwili vya tramu. Dada zetu hawapendi, wanataka mpya kwenye boksi. Nami naelewa, zawadi iliyofunguliwa haina utamu. Lakini boksi halitengenezi mashine.

Kijana_wa_Kiwani

Ongeza na hili la simu, limenikuta. Nilisoma Uturuki, akaunti zangu zote nilizifunga na namba ya kule. Nimerudi nyumbani, laini haikutiwa vocha, ikafa. Kompyuta yangu mwenyewe, paswedi naijua, inasema tumekutumia namba ya siri kwenye simu inayoishia 44. Simu gani tena? Barua pepe, picha za miaka minne, vyote vilikuwa nyuma ya mlango ule. Badilisheni namba kabla ya kupanda ndege, mkiwa bado mnapokea ujumbe.

fundi_Mlandege

Hiyo naiona kila wiki. Na mie siwezi kufanya lolote, watu wanadhani nawaficha.

Mwalimu_Wete

Nimetumiwa huu uzi na wanafunzi wangu, na ndio mie huyo wa tarakimu 48. Kaka amesahau kuwaambia la bando.

Siku ya kwanza niliunganisha laptopu na hotspoti ya simu, nikaenda kupika. Nimerudi bando la wiki limekwisha, na mashine imeandika inajiandaa, isizimwe. Ilikuwa inashusha apdeti za tangu iondoke Ujerumani. Baadaye kaka akanionesha: unaingia kwenye mtandao uliounganisha, unaiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Basi inatulia, na apdeti kubwa naishushia skuli au naisubiri wikiendi. Mnaotuletea, zishusheni huko huko usiku wa mwisho, na LibreOffice, ile programu ya bure ya kuandikia, mtie kabisa na kamusi yake ya Kiswahili, sisi tusije tukaona kila neno lina mstari mwekundu chini kama daftari la mwanafunzi mbaya.

Na saa. Wiki nzima niliingia kipindi na saa ya Leipzig. Kwenye orodha msitafute Dar es Salaam, chagueni Nairobi.

Mtu_wa_Gando

Mwalimu karibu jukwaani. La saa sikuambiwa kabisa!

Mwalimu_Wete

Ningekwambia vipi na ulikuwa unajisifu umeiweka kila kitu?

Pwani_Mchangani

Mwalimu, hivyo vibandiko vya herufi vinadumu kwa joto la kwetu? Nataka kumwagizia shemeji badala ya kumsumbua kutafuta kibodi ya Kiingereza.

fundi_Mlandege

Kwa T480 kibodi yenyewe inabadilishwa, kazi ya nusu saa. Agizeni ya Kiingereza, mniletee, nafungua chini skrubu chache na hizo mbili zinazoishika, inateleza inatoka. Vibandiko ni vya muda.

Mwalimu_Wete

Vya muda mfupi. Vimedumu mpaka Ramadhani. Kisha mwanangu wa miaka mitatu akaibandua Z na Y, ndizo hizo hizo, akaenda kuzibandika kwenye mlango wa friji. Nimeziacha pale. Ninapochapa mtihani nikisahau, nainua shingo natazama friji.